Matairi ya Kumfuata Ferista

Danford wa Iyula alikuwa na siku tisa za kutafuta matairi, na aliyeona mapema kwamba hakuhitaji matairi alikuwa mzee Abrahamu peke yake. Abrahamu alikuwa mshenga wake tangu siku za posa, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na miguu mirefu. Ndiye aliyepanda milima upande wa Itumba kuwasikiliza wakwe, akarudi na jibu lao: Jumamosi ya wiki ijayo, kabla jua halijatua, mume aje mwenyewe na mbuzi wa faini amfuate mkewe. Asipofika siku hiyo, ng'ombe wa mahari watarudishwa Iyula na ndoa itakuwa imekwisha. Abrahamu akaongeza kwamba wataondoka Ijumaa alfajiri kwa miguu, walale njiani. Danford akasema mzee atangulie, yeye atakwenda na gari.

Na gari lenyewe sasa. Mwaka huo wa 1954, wenyeji wenye pikapu Mbozi nzima ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na ukabakiwa na kidole cha kujikunia. Danford aliinunua yake kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa aliyekuwa anahama nchi. Ilikuwa kuukuu, ya kijani, mlango mmoja ukifungwa kwa kamba. Ilibeba kahawa, ilibeba mahindi, ilibeba maharusi na maiti, na Danford aliipenda, tuseme ukweli, kuliko inavyofaa kupenda kitu kisichoweza kukuita baba.

Anayemwita baba alikuwa Loisi, mtoto wa miaka miwili. Mwezi wa pili Loisi alishikwa na homa kali ya kukakamaza mwili. Danford akampakia yeye na mama yake, Ferista, awakimbize zahanati ya misheni. Matairi yalikuwa vipara vitupu. Mvua ikawakuta katikati ya njia, gari likateleza na kutumbukia mtaroni. Danford akachimba, akakata matawi, akatandika, akachimba tena. Ferista alingoja mpaka subira ikamwisha, akasema twendeni kwa miguu. Danford akamwambia atangulie na mtoto; yeye hawezi kuliacha gari barabarani, wezi watang'oa hata usukani.

Ferista akamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, akaenda peke yake, saa nne nzima kwenye mvua. Mtoto alipona. Danford alifika zahanati kesho yake asubuhi, na gari alikuwa amelipitisha mtoni kulisafisha. Ferista hakumgombeza wala hakumlilia. Siku mtoto aliporuhusiwa, hakushika njia ya Iyula. Alipanda milima kwenda kwao.

Mwanamume mwingine angekaa chini akajiuliza kosa lake liko wapi. Danford naye alikaa, akajiuliza sana, na jibu alilolipata ni matairi.

Basi akashuka Mbeya, kwenye duka la Mhindi mmoja mpole aliyeuza vipuri pamoja na blanketi na sukari. Matairi yalikuwa yamepangwa ukutani. Danford aliyachagua kama achaguavyo ng'ombe wa kulimia: aliyanusa, aliyabonyeza kwa kidole gumba, aliyazungusha, alirudi nyuma akayatazama kwa mbali. Yalikuwepo ya mistari, mazuri, yasiyo na kelele, yanayodumu kwenye barabara ya changarawe. Na yalikuwepo ya meno, meno manene kama vidole, yaliyolala mshazari na kukutana katikati mfano wa kichwa cha mshale. Mhindi alimweleza bila kumficha kwamba ya meno yatanguruma njia nzima, na kwenye barabara ngumu yataisha upesi. Wakulima wengi, alisema, huweka ya meno nyuma na ya mistari mbele, ndipo gari lifanye kazi zote mbili. Ulikuwa ushauri mzuri. Danford akaushukuru, akachukua ya meno manne. Alisema anataka gari lisilokwama hata likitaka lenyewe.

Kuyafunga aliyafunga mwenyewe nyumbani, maana kuuliza si ujinga lakini yeye alikuwa ameshachoka kuuliza. Akakuta kwamba matairi yale yana mbele na nyuma. Ukiyafunga hivi, ncha ya mshale inatangulia kukanyaga. Ukiyageuza, unatangulia mdomo ulio wazi. Ubavuni palichorwa alama ya kuonyesha yazunguke upande gani, akaiona, akadhani ni chapa ya kiwanda. Babu yake alikuwa mhunzi, Mnyiha wa kuyeyusha chuma na kufua majembe, na Danford alikua akiinua matuta kwa majembe hayo. Jembe ni kitu gani kama si mdomo wa kuushika udongo na kuuvuta? Akayafunga yote manne mdomo mbele, yaushike udongo barabara. Alipomaliza alijisikia ameikomboa ndoa yake.

Jumamosi aliondoka mapema, mbuzi amefungwa nyuma, shati jeupe, tai. Matairi yakanguruma kama alivyoambiwa, watu wakatoka majumbani kutazama. Kwenye changarawe yalikwenda, kwenye mchanga yalikwenda. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Akilini alimwona Ferista amesimama uani, anatazama gari linavyopanda mpaka mlangoni, anacheka.

Baada ya kuvuka mto wa mwisho kilianza kilima cha udongo mwekundu, mvua ya usiku bado imelala juu yake. Njia ilikuwa imechongwa ubavuni mwa mlima: huku ukuta wa udongo, huku korongo. Gari lilipanda hatua arobaini hivi. Halafu meno yakaanza kufanya kazi aliyoyatuma, yakaushika udongo, yakauvuta, yakaukusanya, mpaka kila gurudumu likawa donge moja la tope, laini na la mviringo kama chungu kibichi. Gari likaserereka nyuma, likaegemea ukuta, likatulia. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nyumba za wakwe zilionekana kule juu, na moshi wake.

Danford akavua tai. Akakwangua tope kwenye magurudumu, akachimba, akatandika matawi. Jua likashuka, naye akachimba. Alikuwa amelala chini ya gari aliposikia hatua za mtu anayepanda, kisha kikohozi alichokijua. Mama mkwe wake, Tupokigwe, alikuwa anatoka shamba.

Hapo pana jambo. Kwa watu wale, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite. Na ikiwa lipo neno la lazima, husemwa kwa kupitia mtu mwingine. Lakini pale pori halikuwepo, wala mtu mwingine. Danford akatambaa upande wa korongo, akachutama nyuma ya gurudumu, akainamisha kichwa. Mama yule akasimama upande wa ukuta, akajifunika kanga usoni. Kati yao palikuwa na pikapu tu.

Mama akaanza kusema na pikapu.

"Wewe gari, meno yako yamegeuzwa. Anayetaka tuta hukusanya udongo. Anayetaka kupita huupasua."

Danford akalitazama gurudumu lililokuwa mbele ya pua yake. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye ameambiwa, tena na bibi aliyeshika jembe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Papo hapo akapiga hesabu: jeki iko, spana iko, magurudumu ya kulia yahamie kushoto na ya kushoto kulia, yatakuwa yamegeuka. Kazi ya saa moja, labda na nusu. Jua lilikuwa limebakiza kidogo kugusa mlima. Mkono wake ulikwisha kushika spana.

"Mwambie na mwenyewe," mama mkwe akaendelea, "wazee wamekaa tangu mchana. Na umwambie huku kwetu hakuna wezi."

Neno lile lilimwingia Danford mahali ambapo miezi miwili ya kuachwa haikufika. Akaiona tena barabara ile ya mwezi wa pili, mvua, na mgongo wa mkewe ukienda na mtoto juu yake, kichwa cha mtoto kimelala upande. Alikuwa ameutazama mpaka ukapotea. Kisha akarudi kuchimba.

"Gari," alisema, "mwambie mama nimekosa. Hayakuwa matairi."

Alipojibu, mama yule alikuwa ameanza kuondoka.

"Aliyekosewa si mimi. Yuko juu."

Danford alimwachia nafasi apite kwanza, kama heshima inavyotaka. Kisha akamfungua mbuzi, akaiacha spana juu ya tope, akapanda kilima akikimbia, mbuzi akimburuta pale alipochoka.

Alifika jua likiwa jekundu. Wazee walikuwa uani, na Abrahamu kati yao, miguu yake mirefu imepumzika tangu asubuhi. Mbuzi akapokewa. Ferista akaitwa, akaulizwa mbele ya watu kama atarudi kwa mumewe. Alimtazama Danford, tope toka nywele mpaka kidole.

"Gari liko wapi?"

"Chini, kilimani."

"Nani analilinda?"

"Hakuna mtu."

Ferista akageuka, akaingia ndani. Wazee wakatazamana, mmoja akaanza kuinuka, akidhani neno limekwisha. Ferista akatoka tena na Loisi kiunoni na mbeleko mkononi. Kwa watu wale mwanamume habebi mtoto mgongoni, hata akiwa amefiwa na mkewe, hata kama hakuna wa kumwona. Pale walikuwepo wote wa kumwona.

"Mbuzi ni wa baba," alisema. "Faini yangu mimi ni hii. Kesho utambeba mpaka Iyula, kwa miguu. Gari tukilikuta, tutalipita. Anza sasa, akuzoee."

Mzee mmoja akaguna. Abrahamu akaitazama ardhi. Danford akapiga magoti mbele ya wakwe zake wote, akageuza mgongo afungwe mtoto.