Motokaa Iliyokataa Salamu

Kaka yangu Matonya alikuwa mtu mwema, lakini salamu zake zingeweza kuotesha mtama. Watu wengine huuliza habari za nyumbani, ukajibu njema, mkaendelea na maisha. Yeye aliuliza habari za watu wa nyumba yako mmoja mmoja, kisha ng'ombe, mbuzi, kondoo, ghala, kisima, na njia uliyopita. Ukiruka jibu moja, alirudi nyuma kulifuata. Mimi Dorkasi, mdogo wake wa tumbo moja, nimeunguza mboga nyingi nikimsubiri amalize.

Mtu wa namna hiyo ndiye baba yake Loisi. Loisi naye alipendwa na Yotham, na Yotham alikuwa dereva wa motokaa ya pekee tuliyoijua Dodoma. Huo ulikuwa wakati wa Mdachi, mwaka wa tatu tangu reli ifike. Motokaa yenyewe ilikuwa mali ya Mgiriki mmoja mwenye duka karibu na stesheni. Yotham alijifunza kwake kuiendesha na kuitibu, na Mgiriki, kwa kumpenda, akamruhusu aitumie kumchukua bibi harusi wake kutoka kwetu Ipagala mpaka kwao Makutupora. Huko pombe ilikuwa imeiva na padre alikuwa amefika kutoka misheni. Padre alisema wazi kwamba kesho yake asubuhi angeondoka, na asingepita tena mpaka mvua zije na kwisha.

Tatizo ni kwamba ukoo wetu una mwiko. Siku ya kumtoa binti, mnyama anayebeba mizigo yake lazima asimame uani kwa miguu yake mpaka salamu ziishe. Akilala chini salamu zikiwa katikati, safari imelala naye mpaka mavuno yajayo. Miaka yote mnyama huyo alikuwa punda, na punda wetu ni hodari wa kusimama. Husimama hata unapowabembeleza watembee.

Niliona hatari mapema, nikamfuata kaka. "Na motokaa je?"

"Inabeba mizigo?"

"Inabeba."

"Basi na isimame."

"Kaka, kile ni chuma. Kitalalaje?"

"Isimame ikiwa hai," akasema. "Iwe inaunguruma. Punda mfu hata ukimwegemeza ukutani, huwezi kusema amesimama."

Siku ilipofika, jua likiwa limeanza kuelekea magharibi, tuliisikia motokaa kabla ya kuiona. Iliteremka kutoka upande wa kisima ikinguruma kwa nguvu, vumbi nyuma yake, kuku wakiruka huku na huku. Loisi alikuwa ameketi mlangoni, amepakwa mafuta, shanga zimejaa shingoni. Aliposikia ule mngurumo alinifinya mkono mpaka nikapiga kigelegele kwa maumivu. Watu wakadhani ni furaha, wakaitikia.

Yotham aliisimamisha mbele ya zizi, akaiacha iungurume polepole, akashuka na kuinama. "Shikamoo, baba mkwe."

"Marahaba. Mbukwenyi," akaongeza salamu ya Kigogo. "Habari za huko mtokako. Watu wazima?"

"Wazima, baba."

"Mama yako?"

"Mzima."

"Na yule shangazi yako mwenye goti?"

"Goti limepoa, baba."

Hawakufika kwa ng'ombe. Motokaa ilianza kutetemeka, ikakohoa, ikapiga kwikwi mara mbili kama mlevi, ikazima.

"Imelala," akasema kaka.

Loisi akanigeukia, macho yamejaa machozi na hasira kwa pamoja. Mtoto yule nimemlea mimi tangu mama yake, Hana, alipofariki, na sijawahi kuvumilia kumwona akilia. Nikawaka.

"Kaka, mwiko una mlango wake! Punda akilala, mwenyewe ana ruhusa ya kumwinua mpaka kivuli cha zizi kifike kizingitini. Ndivyo alivyofanyiwa mume wangu siku ya kunitoa mimi. Ulikuwepo, na ulicheka mpaka ukashika mbavu."

Kaka alitazama kivuli cha zizi. Kilikuwa bado karibu na miti yake yenyewe, na mpaka kizingitini palikuwa na uwanja mzima. "Haya, na amwinue," akasema. Akaketi kwenye kigoda chake, akatoa ule mfuko wake wa tumbaku wa ngozi ya mbuzi, akashindilia kiko. Hakuna mtu aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kutazama.

Yotham alivua koti la harusi, nikamshikia. Akafungua kifuniko cha injini, akaanza na cheche. Alitoa plagi moja moja, akazifuta masizi, akazilaza juu ya injini na nyaya zake, akazungusha mpini wa mbele huku nikimwangalizia. Cheche ziliruka za buluu, safi, akazirudisha plagi mahali pake.

"Si cheche," akasema. "Labda uchafu kwenye mafuta."

Tukamwaga petroli kwenye debe, tukaichuja kwa kipande cha kaniki yangu mpya niliyoinunulia harusi hiyo hiyo. Haikuacha hata punje ya mchanga. Kaniki ndiyo iliyobaki na harufu, na mpaka leo sijalipwa.

Kazi zote hizo zilichukua muda, na injini ikapoa. Yotham alipozungusha mpini, iliwaka mara moja, ikatulia, ikaunguruma polepole, nzuri kabisa. Lo, vigelegele! Wanawake wakashika ngoma. Loisi akasimama. Yotham akavaa koti.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Marahaba," akasema kaka, na nikaona anajikalisha vizuri. "Watu wazima?"

Safari hii walifika kwa ng'ombe. Hapo kaka akafanya jambo ambalo hata yeye hakuwa amewahi kulifanya: akauliza ng'ombe kwa majina. Yule mwekundu mwenye pembe moja, hajambo? Na yule aliyenunuliwa kule Haneti, bado anapiga teke? Yotham akajibu yote, jasho likimtoka. Walipoingia kwa mbuzi, motokaa ikatetemeka, ikapiga kwikwi, ikazima.

"Ng'ombe akivunjika mguu malishoni hujikokota zizini apate msaada," kaka akasema. "Huyu wenu anavunjikia zizini."

Watu walicheka, na mimi ningecheka kama si kivuli. Kilikuwa kimefika katikati ya uwanja.

Loisi hakukaa tena. Alikuja kwenye motokaa na shanga zake zote, akasimama ubavuni pa Yotham. Bibi harusi hafanyi hivyo kwetu, lakini nilijifanya sioni.

"Yotham," akasema, "njiani ilizima?"

"Hapana. Njiani inakwenda kama upepo."

"Na asubuhi, ulipoiwasha?"

"Asubuhi ilisimama vizuri ikiunguruma nikipakia zawadi. Ilikuwa bado baridi."

"Basi inazima ikiwa na joto, na ikiwa imesimama. Yote mawili pamoja."

Yotham alimtazama kama anamwona mara ya kwanza. Kisha akaanza kufikiri kwa sauti, akihesabu kwa vidole vyeusi kwa mafuta. Cheche zingekuwa mbovu, ingekwama hata njiani. Petroli ingekuwa haifiki, mlima wa kisima ingeushindwa kabisa. "Injini inakula mafuta yaliyochanganywa na hewa," akatueleza. "Ikienda kwa nguvu inavuta vingi, hata pakiwa na kosa dogo haijali. Ikisimama inavuta kidogo kidogo. Hapo kosa dogo linaiua. Kuna kitu kinaharibu mchanganyiko wake, lakini kinaingilia wapi?"

Akaiwasha tena. Sasa ilikuwa ya moto, haikutaka kutulia, ikabidi Loisi ashike kijiti cha kuongezea mafuta kilichoko kwenye usukani, akiisukumia kidogo kila ilipotaka kufa. Yotham akainamisha kichwa, akasikiliza huku na huku. Mimi nikainama. Wanawake wa ngoma nao wakainama. Mwisho kaka yangu akashindwa kuvumilia kuona migongo ya watu tu. Akainuka na kiko chake mdomoni, akatusukuma, akaingiza kichwa.

"Mnatafuta nini humu?" akauliza, na moshi ukamtoka kinywani na puani.

Ule moshi ulipaswa kupanda juu, kama moshi wote wa duniani. Haukupanda. Ulikwenda pembeni, ukajikusanya ukawa uzi mwembamba, ukaingia ndani ya injini pale kabureta, kile kikombe kinachochanganya mafuta na hewa, inapoungana na bomba la kuvutia hewa.

Kaka alitoa macho. "He! Kitu hiki kinanivutia tumbaku yangu!"

"Puliza tena, baba!" Yotham akapiga kelele, heshima yote imemtoka.

Kaka akapuliza. Moshi ukaingia tena palepale. Akapuliza mara ya tatu bila kuombwa, mashavu yamejaa, na nilimjua vya kutosha kuona kwamba anafurahi. Yotham akalowesha kitambaa, akakibana juu ya ule muungano kwa vidole viwili. Motokaa ikaacha kutetemeka saa hiyo hiyo. Ikatulia, tuku-tuku-tuku, polepole, bila Loisi kugusa kitu.

"Ni hapa! Inavuta hewa hapa!" Akaondoa kidole, akakitazama, na uso ukambadilika. Kidole kilikuwa kimepakaa kitu cha njano, laini, chenye kunukia asali.

"Nta," nikasema.

"Nta," akakiri, sauti imekwisha. Kumbe wakati wa kiangazi kile alifungua kabureta aisafishe vumbi, na ule utepe unaoziba muungano ukamchanikia mkononi. Mgiriki aliagiza mwingine Dar es Salaam, treni zikaja na treni zikaenda. Basi Yotham akafanya kama sisi sote tufanyavyo kibuyu kikipata ufa: akaziba kwa nta ya nyuki. Nta ikiwa baridi ni jiwe. Injini ikipata joto, nta inatiririka, hewa inaingia, motokaa inakufa.

Nilisubiri kaka amseme. Alikuwa na haki, na alikuwa na ulimi. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, kisha akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia miaka mingi.

"Nta!" akasema akifuta machozi. "Na mimi ningepaka nta!"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Yotham akasema kwa haya.

"Umeziba, mwanangu. Umeziba kwa asali!"

Tulicheka sote. Lakini kicheko hakizibi tundu. Yotham alisema inatakiwa ngozi, nyembamba, laini, iliyokwisha kunywa mafuta, ili ikibanwa na nati isiache nafasi. Tukakimbilia ndani. Ngozi za ng'ombe zilikuwa ngumu kama mbao. Kipande cha ndala kilikuwa kinene. Ngozi ya ngoma wanawake waliikumbatia, wakasema thubutu. Nilipotoka nje na mikono mitupu, kivuli kilikuwa kimebakiza hatua chache kufika kizingitini, na Loisi alikuwa akikitazama.

Kaka naye alikuwa akimtazama Loisi. Kisha akamwaga tumbaku yake yote kwenye kiganja, akamnyooshea Yotham mfuko mtupu.

Nikashika mdomo. Mfuko ule aliushona Hana, mke wake. Aliilainisha ile ngozi kwa mikono yake, akiipaka samli jioni baada ya jioni, wakati ana mimba ya Loisi. Tangu azikwe, kaka hakuwa amemwachia mtu yeyote hata kuushika.

"Baba," Loisi akasema, "hapana."

"Alikuwa na hamu ya kuona siku hii," akasema kaka. "Kata."

Yotham alikata, akatoboa matundu, akapanga, akakaza nati. Kilichobaki cha mfuko alikikunja, akampa Loisi. Akazungusha mpini. Motokaa ikawaka ikiwa bado ya moto, ikatulia, na safari hii hata mimi nisiyejua injini nilisikia kwamba imepona.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Marahaba. Watu wazima?"

Wakapita watu. Wakapita ng'ombe, kwa majina. Wakapita mbuzi, kondoo, ghala, kisima, njia. Motokaa ilisimama pale ikiunguruma bila kutetereka. Nilishusha pumzi, nikanyanyua kikapu cha Loisi nikipakie. Hapo nikamsikia kaka akisema, "Na mama yako, hajambo?"

Alikuwa anaanza upya.

Nikamsogelea. "Kaka, haitazima tena."

"Najua," akasema taratibu, tumbaku bado imefumbatwa kiganjani. Hakunitazama. "Na kuku, Yotham? Kuku wa huko hawajambo?"

Yotham alifungua mdomo, lakini Loisi alimtangulia. Alikuwa amekwisha kupanda, ameketi juu ya motokaa na kipande cha mfuko kifuani.

"Kuku hawajambo, baba," akasema. "Njoo uwaone."

Baba wa binti hafuatani na harusi kwetu. Lakini ukoo wetu hauna mwiko wowote uliosema neno juu ya baba kupanda motokaa. Nilifungua pindo la kaniki yangu inayonuka petroli, nikamfungia tumbaku yake humo, nikamsukuma mgongoni. Akapanda, na kigoda chake. Kivuli cha zizi kilikuwa kimepita kizingiti zamani na kuingia mpaka ndani, wala hakuna aliyekisema.