Ujumbe Ulioangukia Chini ya Ukuta

Umeme uliporudi mchana, Syntiche aliweka kompyuta juu ya meza ya mama yake, kule mtaani Katuba, akaanza kukagua tovuti ya kampuni inayouza kokoto. Kazi yake ni kuangalia kama tovuti inaisaidia biashara: kama inafunguka upesi, kama mteja anapata anachotafuta, kama akiandika anajibiwa.

Hii ilifunguka polepole. Picha ya kwanza ilikuwa nzito, ikashuka kidogo kidogo kutoka juu: kofia za manjano, mapaji ya nyuso, macho. Walikuwa wafanyakazi wa machimbo, wamesimama mbele ya ukuta wa mawe, na wa katikati alikuwa Zéphirin, kaka yake. Picha ilipofika mdomoni, Zéphirin alimsalimia.

"Syntiche. Mama iko?"

"Iko ku jikoni, yaya," Syntiche alimjibu kaka yake.

Mama Germaine alikuja akijifuta mikono kwenye kitenge, akavuta kiti. Kampuni hiyo ilikuwa imemwambia kwamba mwanawe aliacha kazi kwa hiari yake, akavuka mpaka kwenda Zambia. Tangu hapo alikuwa akienda Kasumbalesa, mpakani, kuwauliza madereva wa malori kama wamemwona. Matanga hayakufanyika, kwa sababu hakuna aliyesema kuna mtu amekufa.

"Uko wapi, baba?"

"Palepale ku kazi, mama. Ukuta ulianguka. Siye bote tuko chini yake."

 Mama akauliza kama huko kuna baridi. Zéphirin alisema ipo kidogo.

Syntiche alilia, halafu akaendelea na kazi, maana umeme ungeweza kukatika tena. Alifungua ukurasa wa kuiandikia kampuni, akaweka maneno mawili ya kujaribu, akatuma.

"Imefika," alisema Zéphirin. "Mesaje zote zinaangukaka huku kwetu. Za benye kutafuta kokoto, za bibi ya Mwenze, bwana yake iko na siye hapa. Ule anaandikaka sana. Tunamusomea Mwenze. Njia ya kujibu tu ndiyo haiko."

Syntiche aliyaandika yote kwenye ripoti, akaipeleka ofisini kwa kampuni, mjini. Adalbert, mkurugenzi, alimkaribisha vizuri, akasoma bila haraka.

"Picha, tutaipunguza uzito," alisema. "Mesaje, fundi atazirudisha hapa ofisini. Ile ingine, ya bantu ya chini, haiko ya site ya internet."

"Ni yaya yangu, Directeur."

"Najua. Pole, Madame. Hata miye banisalimiaka asubui. Beko na adabu."

Alimweleza kwamba upande ule wa machimbo ulishafungwa, na mashine zilikuwa zikichimba upande mwingine. Kuwafukua kungesimamisha kila kitu. Kisha akamuuliza, yeye aliye mjuzi, kama picha ile iondolewe kabisa.

Syntiche alimfikiria mama yake pale mezani.

"Muiache," alisema. "Bantu banakaaka pale murefu."

Jibu hilo lilimfurahisha Adalbert. Alikuwa amesikia kwamba wageni wakikaa muda mrefu, tovuti ni nzuri.

Baada ya matengenezo, tovuti ilifunguka mara moja. Wateja wakaandika na kujibiwa, malori ya kokoto yakaongezeka barabarani. Mama Germaine aliacha kwenda Kasumbalesa. Kila mchana alikaa mbele ya kompyuta, lakini picha ilikuwa nyepesi sasa, na sauti ya Zéphirin ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayeongea nyuma ya nyumba ya jirani.

"Hakuna kitu inaanguka tena," alisema siku moja. "Mwenze anauliza kama bibi yake alichoka kuandika."

"Ni miye nilibaambia batengeneze," alisema Syntiche.

"Ulifanya kazi yako, mudogo wangu."

Mama alimwambia Syntiche amwandikie kaka yake hata hivyo. Alimtamkia maneno, Syntiche akayaandika na kutuma. Jibu likatokea papo hapo: Asante kwa kutuandikia. Tutakujibu hivi karibuni.

"Huyu anajibu ni nani?"

"Ni mashine, mama."

Mama Germaine aliirudisha kompyuta mbele ya Syntiche.

"Andika tena," alisema. "Umwambie tulivuna mahindi ku shamba ya Annexe, inje ya muji. Pengine mesaje moja itapita."

Syntiche akaandika.