Aliyegonga kwa Nosrat

"'Mlango ukagongwa,'" alisoma Golandam, kisha akatia jani la nanaa kama alama, akafunga kitabu, maana chai ilikuwa tayari na yeye alipenda sana kuwatesa wenzake.

"Usitufanyie hivyo, shoga!" Kokab alimrushia kitambaa. "Umegongwa kwa kigongeo kipi? Cha kiume au cha kike?"

Swali la haki. Pale mjini Yazd milango ya zamani ina vigongeo viwili, chuma kizito cha wanaume na pete nyembamba ya wanawake, na walio ndani wakisikia mlio wanajua nani aende kufungua na nani ajifunike.

"Kitabu hakijasema bado. Tunywe chai kwanza."

Walikuwa wanawake watatu, sakafuni, katika duka la kuchambua mboga za majani. Golandam alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na sita, darasa la watu wazima, na tangu baridi ianze Kokab na Mahrokh walimchambulia fungu lake ili yeye asome. Riwaya ilimhusu Nosrat, mfumaji mazulia wa mji wa Kashan, ambaye mumewe aliondoka na wenzake kwenda kudai katiba, asirudi. Miaka ishirini Nosrat anafuma na kungoja, katika nyumba ya kaka yake. Mahrokh aliapa kwamba huyo ni bibi yake mtupu, ila bibi yake alikuwa mkali zaidi. Zilibaki kurasa kumi.

Ndipo akaingia Bi Farangis, mwalimu mstaafu, kuchukua mboga zake. Akakiona kitabu.

"Lo! Hiki nimekitafuta miaka."

"Chukua, Mwalimu. Ni chako," akasema Golandam, kama ambavyo mtu yeyote mwenye adabu angesema.

"Hapana, mwanangu, haiwezekani."

"Wallahi chukua. Si kitu mbele yako."

"Hapana, hapana."

Hapo ndipo pa kunyamaza: mmoja hutoa kwa adabu, mwenzake hukataa kwa adabu, na kitu hubaki kwa mwenyewe. Hata mtoto mdogo anajua. Lakini Golandam hajawahi maishani kuwa na kitu kinachotamaniwa na mwalimu, na heshima ile ikampanda kichwani. "Usipochukua nitaudhika!" akasema, akakitia mwenyewe ndani ya mfuko wa mboga.

Bi Farangis akashukuru, akaenda zake.

"Goli," Kokab alisema, "umemtoa Nosrat wetu pamoja na vitunguu majani."

"Nilijua atakataa!"

"Mara ngapi? Mama wa watu amekataa mpaka amechoka!"

"Nimfuate?"

"Ukamwambie nini? Kwamba ulikuwa unasema tu?"

Hilo lisingewezekana. Bora kung'olewa jino.

Kesho yake fungu la Golandam lilikuwa mbele yake, lote. Kazi haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyemwambia "haya, anza." Alikuwa ameishi miaka mingi bila mtu kumnyamazia ili azungumze, na sasa, baada ya kuionja ile raha ya miezi mitatu, ameipoteza kwa kinywa chake mwenyewe.

Siku ya tatu alikuja na daftari lake la darasani.

"Nimepata zile kurasa," alisema, uso ukimwaka.

Mahrokh akachungulia. Ukurasa ulikuwa mweupe. Akamtazama Kokab, naye Kokab akalivuta fungu la Golandam upande wake.

"Haya, anza. Kigongeo kipi?"

"'Cha kike,'" akasoma Golandam, kidole kikitembea juu ya mistari mitupu. "'Kiligongwa polepole. Basi Nosrat hakujifunika. Akatoka na mvi zake, nyuzi za sufu zimemganda vidoleni, akafungua. Nje alisimama mumewe.'"

"Mwanamume agonge cha kike? Mwehu huyo!"

"'Akamwambia, ningegonga kile kizito angekuja kaka yako, na wewe ungejifunika. Nilitaka uwe wa kwanza kuniona, na mimi nikuone hivyo ulivyo.'"

Mahrokh akaweka kisu chini. Akalia waziwazi, akajifuta kwa mkono wenye vitunguu, akalia zaidi, na Kokab akamcheka huku naye machozi yanamtoka.

Ndipo walipomwona Bi Farangis mlangoni, kitabu mkononi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Nimekuja kuwarudishia," alisema. "Nimekuta jani la nanaa kurasa kumi kabla ya mwisho, bado bichi. Hakuna mtu anayegawa kitabu akiwa amefika hapo. Nisameheni, mimi nimekimaliza jana."

"Kwa hiyo unajua!" Kokab alisimama. "Mwalimu, ndivyo kilivyoandikwa?"

"Usiseme!" Mahrokh akapiga kelele.

Bi Farangis aliutazama ule ukurasa mweupe, kisha Golandam, aliyekuwa akitafuta pa kujificha. Akavua viatu. Akaketi sakafuni kati yao, akakikalia kitabu, akajivutia shada la nanaa.

"Nimechelewa kidogo," alisema. "Nosrat akamjibu nini?"

Golandam akalowesha kidole kwa ulimi, akafunua ukurasa.