Baridi Ilipoingia kwenye Nyanya za Huguette

Lile tanuri la chuma la kuni, lililopasha joto banda letu la nyanya, nililikata mimi, kwa mikono hii, huku nacheka. Dada yangu Huguette alialika kijiji kizima kuja kuona. "Kwaheri moshi!" akasema, na padri akapiga makofi. Tangu siku hiyo banda letu la vioo lilipashwa joto na maji ya moto kutoka jengo la kompyuta ng'ambo ya barabara. Kompyuta zile hula umeme wa bwawa mchana kutwa, usiku kucha, zinachemka, na joto lake lilikuwa linatupwa hewani bure mpaka Huguette alipoliomba. Paneli za jua juu ya paa ziliendesha pampu. Nyanya mwezi wa Februari, hapa Quebec kwenye theluji! Waliotubeza niliwazomea mpaka koo likanikauka. Na Huguette, ambaye tangu mumewe afariki alikuwa halali wala hali, akaanza kuamka mapema tena.

Jumanne saa nne asubuhi niligusa bomba, vuguvugu. Saa tano, baridi. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.

Nikavuka barabara mbio bila kofia. Mlinzi wa geti, Normand, nilisoma naye darasa moja.

"Wamezima kompyuta zote," akasema. "Kazi imehamishiwa kusini. Wiki tatu, nasikia."

"Wiki tatu! Wewe una wazimu? Washa hata chumba kimoja!"

"Niwashe na nini, Fernand? Mimi nalinda geti tu. Wanaotoa amri hata sura zao sizijui."

"Basi wapigie!"

"Napiga tangu asubuhi. Inajibu mashine."

Nilirudi nikitukana njia nzima. Huguette alikuwa katikati ya mistari ya nyanya, ameshika kichala kilichoanza kuwa chekundu. Jua lilikuwa kali ajabu. Paneli zilifanya kazi kuliko siku zote, na pampu zikasukuma maji ya baridi kwa bidii zote. Nilitamani kuzipiga teke.

"Paneli haziwezi kupasha hayo maji?" akauliza.

"Labda ya chai yako, dada."

Nilijuta papo hapo.

"Kuni je?"

"Tutachomea wapi?"

Akatazama pale lilipokuwa tanuri. "Ulilikata wewe," akasema.

"Ukaniambia wewe."

Kufikia saa nane pumzi zetu zilionekana mle ndani. Maji yakiganda, yangepasua mabomba yote. Ilibidi kuyamwaga, na tukiyamwaga, hata kompyuta zikiwashwa tena leo joto halitatufikia, basi nyanya ndiyo kwaheri. Nikamweleza hivyo.

"Mwaga," akasema.

Nilishika koki, mkono ukagoma. Akaja, akaweka wake juu ya wangu, akaizungusha. Maji yakatoka yote.

"Tuchume hizi mbichi?" nikauliza.

Alichukua kamba zake akaanza kufunga mashina yaliyoinama, mstari wa kwanza, kisha wa pili, kama Jumanne yoyote ile. Majani yalikuwa yameshaanza kulegea. Nilisimama pale na mikono yangu ile ile iliyokata tanuri.