Kabati la Jirani

Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita, asubuhi, kabati la jirani yangu lilimwangukia na mimi nikalinyanyua. Siku hiyo ndipo kila kitu kilipoharibika. Watu hudhani nazungumzia bega. Bega lilikuwa limeshaharibika zamani.

Mimi ni fundi wa makochi. Nimevalisha makochi vitambaa tangu sijaota ndevu, na shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo maneno marefu msinidai. Kiwandani tulikuwa na toroli moja ya kubebea fremu. Gurudumu lilipovunjika tulimwambia meneja, akasema ataliangalia. Akawa analiangalia kweli, kila akipita, kwa macho. Sisi tukabeba makochi mabegani, mpaka siku moja nikasikia kitu kinachanika ndani ya bega la kulia kama kitambaa kilichochoka. Meneja akanipa pole, na pole haitiwi chunguni. Nilipoondoka wakanunua toroli mpya.

Kilichoniokoa ni busara ya mke wangu, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyekata bima. Mimi nilikataa, nikamwambia wale ni wezi wenye viyoyozi.

"Watu wanakatia bima magari yao," akanijibu, sindano mdomoni, anashona. "Gari letu sisi ni mikono yako. Itembee hivihivi tu?"

Akakata mbili, ya matibabu na ya kipato. Ile ya matibabu ilimlaza hospitali yeye mwenyewe, ikamlipia dawa, halafu katikati ya ugonjwa wakaniambia kiwango cha mwaka kimekwisha. Ugonjwa haukuwa na habari na mwaka wao. Ukaendelea na kazi yake mpaka ukaimaliza. Hadi leo nikiona kadi ile kwenye droo natamani kuitafuna.

Ya kipato ilibaki. Bega lilipochanika, wakaanza kunilipa sehemu kubwa ya mshahara wangu kila mwezi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipia nyumba niliyoishi na mke wangu, yenye cherehani yake dirishani. Bila hiyo ningehamia kwa binti yangu, nilale sebuleni kwa mkwe anayekohoa mtu akiongeza sukari.

Mwezi wa nne wakala wao akaja kunitembelea. Kijana mpole, viatu vinang'aa kuliko mustakabali wangu.

"Mzee wangu, uelewe jambo moja," akasema. "Bima hii haikulipi kwa sababu uliumia. Inakulipa kwa sababu huwezi kufanya kazi yako. Siku ukiweza, inasimama."

"Na nani anajua kama naweza?"

"Daktari wetu."

"Daktari wenu nimemwona mara moja. Siku nyingine zote nani anajua?"

Akacheka, akafunga mkoba. "Aa, mzee, kampuni ina macho."

Neno hilo likanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Na haikupita wiki, nyumba ya pembeni iliyokaa tupu tangu mvua za mwaka juzi ikapata mpangaji. Mwanamume wa makamo, peke yake, miwani minene. Kazi yake? "Nafanya shughuli ndogondogo kwa simu." Nikamwita Miwani, na nikaanza kumtazama anavyonitazama.

Siku ya pili tu akanisalimia juu ya ukuta. "Shikamoo fundi! Bega linasemaje?"

"Marahaba. Nani amekwambia nina bega?"

"Kila mtu ana bega, fundi," akasema, akacheka peke yake.

Kila nikitoka, yuko kibarazani na simu mkononi, ameiinua usawa wa uso. Nikifagia, nafagia kwa kushoto. Nikianika shuka, namsubiri binti yangu. Siku moja alikuwa anatoka, akaniita: "Fundi, nitunzie funguo, daka!" Akanirushia. Mtu aliyefanya kazi ya mikono maisha yake yote, kitu kikirushwa mkono unatoka wenyewe. Wangu nikauzuia. Funguo zikanipiga kifuani, zikaanguka kwenye tope, na mimi nimesimama kama mnara.

"Samahani fundi, nilisahau," akasema. Akaziokota mwenyewe, akazifuta kwa shati.

Nilimsimulia binti yangu. Akashika kiuno vilevile kama mama yake.

"Baba, sasa unashuku mpaka kivuli chako. Mtu wa watu anatafuta wa kuzungumza naye."

"Anatafuta picha."

"Picha ya nini? Ya mzee anayefagia vibaya?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa mwendo wa hatua chache kutoka kwenye nguo zangu.

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Nilikuwa nachemsha chai. Nikasikia kishindo, kioo kikavunjika, kisha sauti: "Fundi! Fundi wee, nakufa!"

Nitasema kweli nilichowaza kwanza. Niliwaza: mtego. Nikaenda taratibu. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa akisogeza kabati peke yake, la mbao ngumu, milango mitatu, na lilikuwa limemlalia kuanzia kiunoni kwenda chini. Miwani yake imeruka kule. Na juu ya meza, imeegemezwa kwenye kikombe, simu yake. Inanitazama.

Nikasimama mlangoni. Nikaitazama simu, nikamtazama yeye. Nikasema, "Nikuitie watu?"

"Mguu, fundi. Mguu wangu." Uso ulikuwa umebadilika, rangi ya jivu. Mtu anaweza kuigiza kilio, lakini rangi ya uso haiigizwi.

Mtaa mzima ulikuwa sokoni na makazini. Nikaigeuza ile simu kifudifudi kwanza. Kisha nikachuchumaa, nikaingiza mikono yote miwili chini ya kabati kama tulivyokuwa tukinyanyua makochi, mgongo wima, nikasema bismillahi. Likapanda. Bega likachanika mara ya pili, nikalisikia. Yeye akajivuta kwa viwiko. Nikaliachia kabati, nikakaa chini pembeni yake, wanaume wazima wawili tunalia kwa pamoja kila mtu na chake.

Alivunjika mguu kweli. Wakamfunga plasta. Mimi tangu siku hiyo sichani nywele wala kufunga kifungo cha juu, binti yangu ndiye anayenifunga.

Mwisho wa mwezi pesa hazikuingia. Nikampigia wakala.

"Malipo yamesimamishwa kwa muda, mzee, kupisha uchunguzi. Tuna taarifa kwamba umenyanyua kabati la milango mitatu peke yako."

Nilivuka ukuta ule kwa maneno kabla ya miguu. Miwani alikuwa kibarazani, mguu juu ya stuli.

"Umeniuza kwa bei gani?"

"Nimekuuza kwa nani, fundi?"

"Bima!"

Akavua miwani. Kumbe naye vyombo vyake vya ndani amevikatia bima, kampuni ileile. Mkaguzi wao alikuja kuliangalia kabati lililovunjika, akauliza ilikuwaje. "Nikamwambia yote," akasema. "Nikamwambia nina jirani ana moyo na nguvu za ng'ombe, kalinyanyua peke yake. Nilitaka wakujue, fundi. Nilikusifu mpaka yule bwana akatoa kalamu."

Husemwa asante ya punda ni mateke. Huyu si punda, alishukuru kwa mdomo, na mdomo wake ndio ulionipiga teke. Au ndivyo alivyofundishwa kusema. Nimemtazama sana machoni, na bado sijui. Ninachojua ni kwamba kabati lake lililipwa. Limekuja jipya, limeshushwa na vijana wanne, wanahema.

Nikaenda ofisini kwao, ghorofa ya juu. Mkubwa wao sikumwona. Wakubwa hawaonekani, huonekana milango yao tu. Kwenye dirisha alikuwepo dada mmoja mwenye sauti ya upole. Nikamwonyesha bega. Akasema bega litapangiwa daktari, tarehe nitajulishwa, na kwamba kwa sasa kampuni inaangalia nilichoweza kufanya siku ile.

"Sasa niulizie jambo moja, mwanangu," nikamwambia.

Nikamwuliza. Akaacha kuandika. Akaingia ndani ya mlango mmoja, akakaa huko, akatoka. "Swali lako limepokelewa, baba. Utajibiwa."

Mwenye nyumba ameshapita mara mbili kuangalia cherehani ya marehemu, anauliza kama nitahama nayo. Mkwe ameanza kukohoa kabla sijafika. Na mimi kila simu ikilia naikimbilia kwa mkono wa kushoto, maana swali lenyewe halikuwa gumu: ningeliacha kabati limlalie yule mtu mpaka akate roho, mngeendelea kunilipa?