Hatua Kumi Kati ya Rampai na Sunee

Waliniajiri kwa sababu ya mchi. Wengine waliokuja kuomba kazi siku ile, katika mkahawa wa Wathai pale Saint-Gilles, Brussels, walikuwa na vyeti vya upishi. Mimi nilikuwa na mikono ya Bukavu. Rampai alinisukumia kinu cha jiwe, akatia pilipili, vitunguu saumu na mchaichai, akasema, "Twanga." Nikatwanga. Hakunisahihisha hata mara moja, na kesho yake nikapewa aproni.

Huo ulikuwa mwaka wa 1990. Mkahawa ulikuwa wa dada wawili. Rampai, mkubwa, alitawala jikoni. Sunee, mdogo, alitawala ukumbini, akipokea wageni kwa viganja vilivyokutana kifuani na Kifaransa cha kurukaruka. Wote wawili waliolewa na Wabelgiji, wote wawili waliachika, na kila mmoja alikuwa na mtoto kwao Bangkok. Wa Rampai aliitwa Thawat, luteni jeshini. Wa Sunee alikuwa msichana wa miaka ishirini, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyeishi kwa bibi yake. Alikuwa na jina refu la kwenye vyeti ambalo hakuna aliyelitumia. Kwao kila mtu ana jina la nyumbani, na lake lilikuwa Kung, yaani uduvi, kwa kuwa alizaliwa mdogo mno. Basi nikiwa nimeinamia beseni namenya uduvi, Sunee hupita akanitania: "Polepole na mwanangu, Viviane."

Saa tano asubuhi, kabla ya kufungua mlango, tulikula sote watatu kutoka sufuria moja ya wali. Rampai alimpakulia mdogo wake kwanza, hata siku ambazo wamenuniana. Sunee alimwita Pii, maana yake dada mkubwa. Kwetu tungesema yaya. Nilipenda sana saa ile. Nilikuwa mbali na ndugu zangu, na hao wawili walinitosha.

Mwezi wa nne mwaka wa 1992, jenerali mmoja ambaye hakupigiwa kura na mtu akawa waziri mkuu wa kwao. Rampai alisema afadhali, jeshi ndilo linaloishika nchi isianguke. Sunee alisema nchi si kambi. Nilidhani yatapita. Lakini Wathai wa Brussels walikuwa na desturi ya kuja kula kwetu Jumapili alasiri: madereva, wanafunzi wa Leuven, wanawake walioolewa na Wabelgiji. Ghafla wakaanza kukaa pande mbili. Wa jeshi dirishani, wa maandamano karibu na ngazi, na kila upande ukidai bakuli lake la pilipili, lisichanganywe na la wenzao. Pilipili ilikuwa ileile, nimeitwanga mimi kwa mkono mmoja. Nilikwenda kucheka jikoni hadi machozi. Leo sioni kilichonichekesha.

Mwezi wa tano mambo yakachemka kule Bangkok. Watu walijaa barabarani maelfu kwa maelfu, wakitaka jenerali aondoke, kisha viongozi wao wakatangaza mapumziko: watarudi Jumapili, tarehe kumi na saba, wengi kuliko kwanza. Kung alipiga simu kumwambia mama yake kwamba alikuwemo na atakuwemo tena. Sunee alitamba nalo mezani. Rampai akasema watoto wasio na adabu ndio wanaochoma nchi. Sunee akajibu, kwa Kifaransa ili na mimi nisikie, kwamba afadhali mtoto asiye na adabu kuliko mtoto aliyevaa sare za wauaji.

Rampai aliweka kijiko chini. Toka siku hiyo wali ukapakuliwa mara mbili, mmoja jikoni na mwingine ukumbini, nami nikawa mdomo wao.

"Mwambie yule mpumbavu, watu wanakufa njaa meza ya nne na yeye anasoma gazeti." Kati ya jiko na ukumbi palikuwa na pazia la shanga na hatua kumi. Nikifika upande wa pili nilikuwa na maneno mengine mdomoni: "Dada yako anauliza, meza ya nne wako tayari?" Sunee naye: "Mwambie mke wa jeshi mchuzi wake una chumvi ya bahari nzima." Nikirudi: "Wageni wanaomba chumvi ipungue kidogo."

Nilijiona bingwa. Kwetu mtu hutumwa ujumbe, hatumwi matusi, na mwenye akili anajua kuvitenganisha. Mama yangu aliifanya kazi hiyo Bukavu kati ya shangazi zangu wawili kwa miaka tisa. Walipopatana, kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyeanza kuomba radhi, na mama alikaa pembeni anakunywa chai kama hajui lolote. Nilitaka kuwa mama yangu.

Mume wangu Donat, aliyekuwa akipakia mizigo ghalani kule Anderlecht, hakufurahi nilipomsimulia.

"Viviane, weye unabadirisha maneno ya batu?"

"Sibadirishe. Niko natengeneza tu. Bon, unataka bapigane?"

"Bapigane, alors! Ni badada, batapatana. Balikutuma, peleka vile balisema."

"Weye hauelewe mambo ya banamuke."

Nikamgeuzia kisogo nikaendelea na ndizi zangu kikaangoni.

Ijumaa tarehe kumi na tano, asubuhi, simu ya korido ililia. Rampai akaipokea. Aliongea kwa lugha yao, maneno machache, sauti ya chini, kisha alikaa na mkono wa simu sikioni hata baada ya mazungumzo kwisha. Aliporudi jikoni alichukua upawa, akaurudisha, akauchukua tena. Niliuona ukitetemeka. Nataka hili lijulikane: niliuona.

"Viviane," alisema. "Mwambie yule, mtoto wake akitoka Jumapili, watamuua. Mwambie hivyohivyo. Usipunguze."

Kwetu kifo cha mtoto hakitamkwi. Unasema Mungu amlinde, unasema ajitunze, lakini ukisema atakufa umekiita kije, na aliyekusikia ana haki ya kukuchukia maisha yake yote. Nilisikia laana. Nilimtazama Rampai na kwa mara ya kwanza nikamwona mwovu. Nikajiambia: mwanamke huyu amefika mbali, na leo ndipo nitakapowaokoa.

Na kama kuna mtu katika Brussels nzima aliyepaswa kuelewa, ni mimi. Miezi mitatu tu kabla, Kinshasa, Wakristo walitoka makanisani na biblia na misalaba mikononi, wakapigwa risasi. Shemeji yangu Nathalie alifika nyumbani na kiatu kimoja. Nilimlilia katika simu. Nilijua kabisa askari huwafanya nini watu wanaoandamana. Lakini jikoni sikukumbuka Kinshasa. Nilikumbuka adabu.

Nilipita pazia. Sunee alikuwa anakunja vitambaa vya meza.

"Dada yako anasema anamfikiria Kung," nilimwambia. "Anasema mtoto ajitunze."

Mikono yake ilisimama. Macho yakamjaa machozi, akatabasamu. "Pii amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

"Mwambie asante. Mwambie na mimi namfikiria Thawat."

Nilirudi natembea juujuu, kifua kimejaa. Rampai alikuwa amesimama palepale.

"Amejibu nini?"

"Anasema asante."

"Asante tu?" Akanishika mkono, vidole vikauma. "Amesikia? Amesema amesikia?"

Neno dogo tu, nalo lingempa raha. Nikampa.

"Anasema amesikia."

Akaniachia. Akavuta kigoda akakaa, akafunika uso kwa aproni, na baada ya muda akainuka kuosha mchele. Siku ile alipika vizuri kuliko siku zote.

Jumapili wale wa dirishani hawakuja. Wa karibu na ngazi walikuja wengi, wakaimba, na Sunee akaniambia Kung amekwisha toka na wenzake na amebeba maji na taulo. Nilisema Mungu amlinde.

Jumatatu televisheni ilionyesha watu wamelala kifudifudi barabarani, mikono kichwani, na askari wakipita katikati yao. Rampai alisimama nyuma yangu, akasema polepole, kama mtu anayejitetea mbele ya polisi: "Mimi nilimwambia. Thawat alinipigia simu Ijumaa. Kikosi chake kilipewa risasi za kweli. Alikatazwa kusema, nami nikaapa sitamtaja, lakini nilimtumia Sunee neno. Wewe ndiwe shahidi wangu, Viviane."

Hapo ndipo nilipojua nilichokibeba Ijumaa. Ningesema wakati ule. Labda ingekuwa bado mapema, labda Kung alikuwa bado anatembea. Nikasema, "Ndiyo, Pii Rampai."

Jumanne bibi yake Kung alipiga simu. Kung alipigwa risasi Jumatatu, akafia hospitalini. Sunee alianguka kati ya meza mbili na kuvuta kitambaa na sahani zote. Rampai alitoka jikoni mbio, shanga za pazia zikakatika zikatawanyika sakafuni, akamshika mdogo wake wakalia pamoja. Basi wakapatana, kwa njia hiyo.

Sunee alisafiri kwenda kuchoma mwili wa mwanawe, akarudi mwezi wa saba amekonda. Wali ukarudi sufuria moja. Rampai alimpakulia kwanza, akimwangalia kwa macho ambayo mimi peke yangu niliyaelewa: alikuwa akijiuliza mama gani anaonywa namna ile na bado anamwacha mtoto atoke. Hakuuliza. Na Sunee, tukiwa wawili tu, alinishika bega akaniambia, "Wiki ile yote, wewe peke yako uliniletea neno jema." Usiku sikulala. Donat aliuliza nina nini, nikasema meno.

Siku ya mia moja iliangukia mwishoni mwa mwezi wa nane. Kwao hiyo ni siku kubwa ya kumwombea marehemu. Watawa wawili wa Kibudha walikuja kutoka Uholanzi, wakala mapema kwa sababu hawali baada ya saa sita mchana, wakasoma sala zao, wakaondoka. Wageni nao wakaenda. Tulibaki watatu na vyombo. Mezani palikuwa na picha ya Kung na mbele yake sahani ya wali na yai la kukaanga juu yake, kwa kuwa hicho ndicho chakula alichokipenda.

Rampai alikuwa akisuuza kwenye sinki la ukumbini, Sunee akifuta, mimi nikipanga. Rampai akasema jambo kwa lugha yao bila kugeuka. Sunee akauliza. Rampai akarudia, sauti imepanda, na humo ndani nikasikia jina langu. Sunee akaweka sahani chini taratibu. Akanigeukia.

"Viviane," alisema kwa Kifaransa, "Ijumaa ile dada yangu alikutuma nini kwangu?"

Maji ya bomba yalikuwa yanaendelea kumwagika. Rampai aliyafunga.

Ningeweza kudanganya tena, uongo ulikuwa tayari umeiva mdomoni, nimeuzoea. Niliwaangalia wote wawili. Kama ningesema kwamba ndivyo alivyosema, ajitunze, basi Rampai angekuwa mwongo mbele ya picha ya mtoto. Kama ningesema nilipeleka neno lake kama lilivyo, basi Sunee angekuwa mama aliyemwacha mwanawe afe. Hapakuwa na neno laini lililobaki.

"Sikulileta," nikasema. "Nilileta lingine. Niliona ni baya mno kulitamka."

Rampai alitoa sauti, si neno. Sunee aliinua kiganja kumnyamazisha, macho yake hayakuniacha.

"Lilete sasa."

"Sunee, nakuomba..."

"Lilete kama lilivyotoka. Usipunguze."

Sijui ni kwa nini nilifanya nilivyofanya. Nilikwenda hadi mlango wa jiko, pale pazia lilipokuwa, nikasimama upande wa jikoni, upande wa Rampai, nikageuka, nikatembea zile hatua kumi hadi mbele ya Sunee.

"Dada yako anasema," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, "mtoto wako akitoka Jumapili, watamuua."

Alisikiliza hadi mwisho. Alitikisa kichwa kidogo, kama anayeandika neno moja moja. Nilingoja anipige, na nilitaka anipige. Nyuma yangu Rampai alikuwa analia waziwazi, maji yakimtoka mikononi.

Miaka imepita, nafanya usafi katika ofisi kule Molenbeek, na sikubali kutumwa neno na mtu, hata salamu. Watu wanaona nina kiburi. Najuta, na najua kujuta hakumrudishi Kung aliyebeba maji na taulo. Labda angetoka tu, hata kama mama yake angemlilia katika simu. Labda bibi angefunga mlango kwa kufuli. Nilimnyang'anya Sunee nafasi ya kujaribu.

Siku ile hakunipiga. Alichukua kitambaa chake cha kufutia, akafuta ile sahani aliyokuwa ameiweka chini, akaiweka juu ya nyingine.

"Mwambie Pii," alisema, "nimesikia."

Rampai alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Nikamgeukia.

"Anasema amesikia."