Dawa ya Mtu Mmoja

Mume wangu alihamia sebuleni siku niliyomwambia nina ugonjwa wa zinaa. Alibeba mto wake na shuka la binti yetu Chance, akasema mgongo unamuuma, eti kiti kirefu kinamfaa zaidi kuliko kitanda. Mgongo wa Hyacinthe naujua kuliko anavyoujua yeye, kwa sababu yeye hajawahi kuuona. Haukuwa na kitu.

Nilikuwa na maumivu chini ya kitovu, na uchafu ulikuwa unanitoka hadi nikaona haya kufua nguo zangu uani mbele ya majirani. Nikaenda kituo cha afya hapa hapa mtaani kwetu Musaga. Muuguzi anaitwa Béatrice. Alinipima, akanidunga sindano, akanipa pakiti ya vidonge vya kumeza asubuhi na jioni hadi viishe.

"Bwana yako naye akuye apate yake," akasema. "Na mupaka mumalize wote wawili, apana kugusana."

"Nipatie yake nimupelekee."

"Apana, dada. Akuye yeye mwenyewe, nimuone."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Béatrice anaimba sauti ya kwanza katika korali ya kanisa letu, na kiongozi wa korali ni Hyacinthe. Kila Jumamosi anasimama mbele yake na kumwonyesha kwa kidole wapi apandishe sauti na wapi anyamaze.

"Mi nivue suruali mbele ya mutu mi naongoza?" aliniuliza.

"Enda kituo ingine, Papa Chance. Enda Mutanga Nord. Kule hakuna mutu anakujua."

"Kila pahali kuko mutu ananijua." Kisha akanitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona. "Na we, kule Uvira unalalaka kwa nani?"

Mimi ninauza vitenge. Ninavuka mpaka wa Gatumba kwenda kuvinunua Uvira, na mzigo ukichelewa nalala kwa shangazi yangu. Hyacinthe anamjua shangazi huyo, kila mwezi anakula ndagala, dagaa wale wa ziwani, anazotumiwa naye. Tangu anioe sijalala na mwanamume mwingine, basi jibu la ugonjwa ulikotoka lilikuwa limekaa pale pale kwenye kiti kirefu, limefunika miguu kwa shuka la mtoto. Lakini sikumwuliza. Sikulitaka jibu. Nilimtaka yeye.

Nilimtaka kweli, na sioni haya kusema. Sisi tulioana hatuna kitu. Tulikuwa tunakula sahani moja, tunanunua mshikaki mmoja, bia moja glasi mbili. Wenzake walimcheka, naye akawa anawajibu kwamba bibi yake akila nusu, yeye anashiba. Sasa mtu huyo huyo akawa hanywi chai niliyoonja. Akawa anaosha kikombe chake mwenyewe, mwanamume asiyejua hata sabuni inakaa wapi katika nyumba yake. Nikimkuta anakisugua kile kikombe, nilikuwa naingia chumbani nalia hadi Chance anakuja kuniuliza kama nimepigwa.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni nataka kumeza kidonge changu. Akaja akasimama mlangoni, akaniangalia.

"Inakuunguza?"

"Kidogo, mu tumbo."

Akanyoosha mkono, kiganja wazi. "Nipatie nusu. Tuko bibi na bwana."

Sasa nitukaneni mkipenda. Anayenitukana alale kwanza usiku baada ya usiku na ukuta, halafu aone mkono wa mume wake umenyooshwa, atuambie angeukatalia nini. Nilimpa. Kidonge cha asubuhi kikawa chake, cha jioni kikawa changu. Hakuna aliyetufundisha. Ndivyo tulivyoishi siku zote, na kila kitu cha mmoja kilikuwa kimetutosha wawili.

Akarudi kitandani. Hatukugusana, tulitii hilo. Alilala amenigeuzia mgongo, lakini miguu yake ikawa inaitafuta yangu, na ikiipata inatulia. "Ikiisha tu," alikuwa ananiambia, na mimi najibu, "Ikiisha tu." Tuliisubiri pakiti ile kama wachumba wanavyosubiri harusi. Nilikuwa na furaha, hata maumivu yaliponirudia nikajiambia ni ndagala za shangazi.

Pakiti ilipoisha nikarudi kwa Béatrice. Aliponibonyeza tumbo nilipiga kelele. Akaniuliza nilimeza vipi, nikamweleza. Akavuta kiti akakaa.

"Uligawa dawa?"

"Tulikunywa wote wawili, Mama Béatrice."

"Dada, ile ilikuwa ya mutu moja. Nusu haiponyeshe mutu, inaupatia tu ugonjwa mazoezi. Hamukupona, we wala yeye. Mutaanza upya. Na yeye akuye."

Nilifika nyumbani mchana. Hyacinthe alikuwa ameoga, amevaa shati lake la bluu, amempeleka Chance kwa jirani, amefunga pazia. Akanishika kiuno. Mwili wangu wote ulimwendea. Nilitaka kunyamaza, nilitaka saa moja tu ya kuwa mke wa mtu, kisha dunia ifanye itakavyo.

"Apana, Papa Chance," nikasema. "Hatujapona."

Aliniachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. "Mi nilikunywa dawa, nimepona. Kama we ungali mugonjwa, waulize kule Uvira."

Nilipiga magoti. Nilimwambia maneno yote ya Béatrice, nikayarudia, nikamshika miguu. Alijitoa taratibu, akachukua mto, akarudi sebuleni. Juma zima nilimbembeleza, na juma zima aliosha kikombe chake.

Jumamosi nikaenda kanisani wakati wa mazoezi. Korali ilikuwa imesimama, na Hyacinthe ameinua mkono, anataka kuwaanzisha. Nilipita katikati ya viti nikasimama kati yake na sauti ya kwanza.

"Mama Béatrice," nikasema, "bwana yangu njo huyu. Nimekuletea."

Sikutaja ugonjwa. Hakukuwa na haja. Wote wanajua Béatrice anafanya kazi gani, na wanajua muuguzi anamwitia nini mume wa mtu. Nyuma, kwenye sauti ya nne, mtu alikohoa. Mkono wa Hyacinthe ulikuwa bado juu, amesahau kuushusha. Béatrice akachukua mkoba wake, akasema kwa upole, "Tuende, kaka," naye akafuata, kwa sababu macho yote yale hayakumwachia njia nyingine.

Alidungwa sindano, akapewa pakiti yake nzima, nami yangu. Njiani alitembea mbele yangu. Tulipofika alimeza kidonge cha kwanza mbele yangu, akaketi.

"Nitaenda kukaa kwa Astère, Gasenyi," akasema. Astère ni kaka yake.

"Lini?"

"Dawa ikiisha. Béatrice anataka anione tena, na ku korali siwezi kurudi. Nitamaliza, kisha nitaenda."

Nilimwambia nilifanya vile kwa ajili yetu. Akasema anajua. Nilitaka agombane nami, aniite jina baya, anipe mahali pa kushika. Hakunipa.

Tangu hapo anameza kwa saa zake, haruki, mwanamume niliyemlilia ameze. Hatugusani. Tunaongea juu ya Chance na juu ya chumvi. Maumivu yangu yameisha kabisa, na ndiyo kwanza sipati usingizi. Zamani nilikuwa naomba dawa iishe nimpate mume wangu. Sasa naomba isiishe.

Leo jioni alikwenda kuoga akaiacha pakiti yake mezani. Nikaichukua. Ilikuwa nyepesi mno. Nikawaza, ikipotea ataanza upya, atakaa. Nikaikunja kiganjani.

"Mama Chance," akaita akiwa mlangoni, taulo begani, "dawa yangu iko wapi?"

Tuliangaliana. Aliuona mkono wangu umefumbwa, akaelewa, na hakukasirika. Alisubiri tu. Nikamwona jinsi alivyokonda, nikaona kwamba nataka apone, hata kama ataponea Gasenyi. Nikafungua mkono.

Akameza, akanywa maji, akaniangalia kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Imebaki ya kesho tu," akasema.